Chaza wakubwa hufa, wadogo hubaki: vimelea katika miamba ya chaza ya Ghuba ya Chesapeake

Swali la msomaji: Naishi Maryland, Marekani. Kikundi chetu cha kujitolea hukuza chaza wachanga kwenye vizimba tunavyoning'iniza gatini, kisha huwamwaga kwenye mwamba uliohifadhiwa. Septemba tulipokwarua sampuli tulikuta wakubwa wengi wamebaki makombe matupu, ilhali wadogo wazima. Tuliambiwa ni Dermo. Je, huo ni ugonjwa gani, na mbona hauishi miaka yote hii? Hakuna dawa? Wavuvi wanasema afadhali wavunwe kabla hawajafa, wana haki? Na chaza wa kwetu Pwani, je, nao wamo hatarini?

Jibu:

Umri wa waliokufa umeshakujibu nusu ya swali. Maji mabaya hayachagui: hewa ikiisha majini, au mafuriko ya maji yasiyo na chumvi yakiteremka mtoni na kukaa, hufa wakubwa kwa wadogo. Kaa hupenda wachanga, na huacha kombe zilizomeguka kingo. Konokono mwindaji huacha tundu dogo la mviringo. Samaki aitwaye taa husaga kombe zikawa vipande. Ukikuta kombe mbili nzima, bado zimeshikana kwenye bawaba, ndani hamna kitu, za chaza wa miaka miwili kwenda juu, kati ya Agosti na Oktoba, mshukiwa wa kwanza ni kimelea. Katika ghuba hiyo vimelea vyenye uzito ni viwili, na tabia zao hazifanani.

Dermo husababishwa na kiumbe cha seli moja kiitwacho Perkinsus marinus. Jina la Dermo limebaki kutokana na kosa la zamani: kilipoelezwa mara ya kwanza mwaka 1950, kutoka Ghuba ya Meksiko, kilidhaniwa kuwa kuvu na kikaitwa Dermocystidium marinum. Huko Virginia kilionekana mwaka 1949. Hakihitaji mnyama mwingine wa kukibeba. Hutoka kwa chaza kwenda kwa chaza. Aliyekufa anapooza, mamilioni ya seli za kimelea humwagika majini, na chaza wa jirani, ambaye siku za joto anaweza kuchuja maji hadi lita 190 kwa siku, huzivuta pamoja na chakula chake. Seli za damu za chaza huzimeza kama zinavyomeza uchafu wowote. Balaa huanzia hapo, kwa kuwa kimelea hakifi humo. Huzaliana ndani ya seli iliyokimeza na kusafirishwa nayo mwili mzima. Utumbo huharibika, mishipa ya damu huziba, nyama hukonda na kuwa ya majimaji, na mwishowe msuli wa kufungia kombe hulegea. Chaza asiyeweza kufunga kombe huliwa na kaa na samaki akiwa bado hai, ndiyo maana ni nadra kukuta mzoga wenye nyama.

Kimelea cha pili ni Haplosporidium nelsoni, ugonjwa wake ukiitwa MSX. Huyu ni mgeni. Mwaka 1957 alilipuka katika Ghuba ya Delaware, na hadi kufika 1959 alikuwa ameua asilimia 90 hadi 95 ya chaza waliopandwa sehemu ya chini ya ghuba hiyo, na karibu nusu ya wale wa vitalu vya juu. Mwaka huohuo wa 1959 akaonekana Chesapeake. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2000 vilionyesha kuwa kimelea hicho ndicho kilekile kinachoishi ndani ya chaza wa Pasifiki, Crassostrea gigas, ambaye hakimsumbui sana kwa kuwa wamezoeana. Chaza wa Marekani mashariki, Crassostrea virginica, hakuwa amekutana nacho hata siku moja.

Tofauti ya viumbe hivi viwili ina maana kwa kazi yenu. MSX haiambukizi moja kwa moja. Ukiweka chaza mgonjwa na mzima katika tangi moja, mzima habadiliki, na watafiti wengi wanaamini kuna mnyama wa kati anayekipitisha kimelea. Kwa hiyo, hata pale ambapo chaza wamebaki wachache mno, MSX inaweza kuendelea kuwafikia. Dermo ni kinyume: kadiri chaza wagonjwa wanavyokaa kwa wingi mahali pamoja, ndivyo kila mmoja anavyopata dozi kubwa. Tena MSX huua haraka. Maambukizi huanza katikati ya Mei, vifo Julai au Agosti, hata kwa chaza aliyepandwa mwaka uleule. Dermo huchukua muda. Chaza huambukizwa katika msimu wa joto wa kwanza au wa pili wa maisha yake, ugonjwa hupoa Desemba hadi Machi, kisha maji yakivuka nyuzi 20 za Selsiasi kimelea huamka na kuzaana upya. Kwa kawaida ni joto la pili au la tatu ndilo linalomuua. Ndiyo sababu mmekuta wadogo wazima. Ukiwapima, wengi wao huenda tayari wanacho, ila hakijafika kiwango cha kuua.

Yote haya yanaongozwa na chumvi na joto, na mwenye kusimamia mwamba wa chaza bila kupima chumvi anafanya kazi gizani. Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ndani ya Chesapeake kiwango hushuka kuanzia karibu 30 mdomoni mwa ghuba hadi karibu sifuri kule juu mito inakoingilia. Dermo hustawi na kuua maji yakizidi gramu 12 hadi 15. Chini ya 9 huua kwa nadra, lakini kimelea chake hakifi. Kinaweza kukaa ndani ya chaza miaka kadhaa kikingoja ukame. MSX hutaka gramu 15 au zaidi ili kudhuru, na chumvi ikishuka chini ya 10 kwa wiki mbili hivi wakati maji yana joto, chaza hukitoa kabisa. Mvua kubwa basi hufagia MSX, lakini Dermo huipunguza makali tu. Mvua nyingi mno za mwaka 2018 zilifanya hivyo katika sehemu kubwa ya Maryland, ingawa kule juu kabisa zilichukua roho za chaza wenyewe kwa kuwakosesha chumvi.

Ukame hufanya kinyume. Miaka ya katikati ya 1980 mito ilipungua, maji ya chumvi yakapanda juu ya ghuba na vimelea vikapanda nayo. Dermo, ambayo kabla ya hapo ilijulikana zaidi Virginia, ikaenea karibu miamba yote ya Maryland na haikuondoka. Kuhamisha mbegu za chaza kutoka mwamba hadi mwamba kulisaidia kuisambaza. Ukame wa 1999 hadi 2002 ulikuja kumalizia: katika uchunguzi wa mwaka 2002, zaidi ya nusu ya chaza waliokwaruliwa Maryland walikuwa makombe matupu. Msimu wa 2003–04 jimbo zima lilivuna busheli (kipimo cha ujazo) takriban 26,000, ilhali katika msimu wa 1884–85 lilivuna milioni 15.

Hapa lazima niweke jambo sawa, kwa sababu tarakimu hizo mbili hutumiwa vibaya. Vimelea havikulishusha pato kutoka milioni 15. Uvuvi wa kukwarua kwa dreja, chombo kinachoburutwa sakafuni mwa ghuba, pamoja na kubeba makombe kwenda kutengenezea chokaa na kujengea barabara, ulikuwa umeshabomoa sehemu kubwa ya miamba kabla MSX haijafika. Vimelea viliikuta miamba iliyochakaa, iliyotandazika chini kama zulia, ikizama matopeni, vikawaua waliobaki. Anayesema ugonjwa peke yake ndio uliomaliza chaza wa Chesapeake anaficha karne nzima ya uvunaji. Na anayesema ni uvunaji peke yake hajatazama miaka ya 1986 na 2002.

Jambo jingine la miaka hiyo limefahamika juzi tu. Mwaka 2021 Ryan Carnegie na wenzake wa Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Virginia walichapisha matokeo ya kukagua vipande vya nyama ya chaza vilivyohifadhiwa kwenye vioo vya hadubini kwa miongo mingi. Waliona kuwa kati ya 1983 na 1990 kimelea cha Dermo kilibadilika umbo: seli zake zikawa ndogo zaidi, na badala ya kukaa zaidi kwenye tishu za kati kikahamia kwenye utando wa utumbo. Kwa maana hiyo, mlipuko wa miaka ya 1980 haukuwa wa ukame peke yake. Kimelea chenyewe kilikuwa kimegeuka mkali. Hilo linajibu swali lako la kwa nini ugonjwa hauishi: adui aliyeko leo si yule wa 1949, na kila mwaka kuna chaza wa kutosha wenye maambukizi mepesi ya kuuvusha wakati wa baridi hadi joto linalofuata. Joto nalo linasonga kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mfululizo wa Desemba hadi Februari zisizo na baridi kali, Dermo ilipanda kutoka Delaware hadi Maine. MSX ilifika Nova Scotia mwaka 2002, na mwaka 2024 ikathibitishwa katika Kisiwa cha Prince Edward, Kanada.

Sasa niseme kile ninachokiona kuwa hasara kubwa kuliko zote, nacho hakionekani kwa kuhesabu vifo vya mwaka mmoja.

Chaza ndiye mjenzi wa nyumba yake. Viluwiluwi wake huelea majini wiki mbili hadi tatu, kisha hutafuta kitu kigumu na safi cha kujibandika, na katika ghuba yenye sakafu ya tope kitu hicho ni kombe la chaza mwingine. Kombe nalo haliishi milele. Sifongo hulitoboa, minyoo hulichimba, maji huliyeyusha, tope hulizika. Katika Ghuba ya Delaware imepimwa kuwa nusu ya makombe ya mwamba hutoweka ndani ya miaka miwili hadi kumi, ikitegemea mahali. Ili mwamba usishuke, makombe mapya lazima yapite yanayopotea. Na kombe zito hutoka kwa chaza mkubwa: wa miaka mitano au sita huacha kombe lenye uzito mara nyingi kuliko wa miaka miwili. Bila ugonjwa, katika Delaware hufa takriban asilimia 10 ya wakubwa kwa mwaka. Mlipuko ukija idadi huzidi hiyo mara mbili na zaidi. Chaza wakifa karibu wote katika mwaka wa tatu, mwamba unaweza kuwa na wachanga wengi na bado ukawa unapungua kimo mwaka baada ya mwaka. Ukihesabu vichwa utafurahi. Ukipima makombe utashtuka.

Kuna na uzazi. Chaza wengi huanza maisha wakiwa dume, kisha kadiri wanavyokua hugeuka jike. Wakubwa wanaokufa ndio majike, na jike mkubwa hutoa mayai mengi kupita mdogo. Hata kabla ya kufa, aliyeambukizwa na kukonda hutoa mayai machache. Basi ugonjwa huo hukata mwamba pande mbili kwa mpigo: makombe ya kushikia na viluwiluwi wa kuyashika.

Mtu anaweza kusema: tuwapeleke wote maji ya juu yenye chumvi kidogo, ambako vimelea haviui. Wataishi, ndiyo. Lakini huko viluwiluwi hushindwa kukua miaka mingi, hivyo mwamba hupata wachanga mara moja moja tu. Tena chaza walioishi vizazi bila kusumbuliwa na ugonjwa hawana ukinzani. Wanazaliana na kupeleka chini ya ghuba watoto wanaokufa kirahisi. Maji ya juu ni akiba ya roho za chaza, wala si mahali pa kujenga kizazi kinachostahimili.

Kuhusu dawa: hakuna inayoweza kutumika porini. Maabara wanaweza kuchelewesha kimelea kwa kemikali ndani ya tangi, lakini huwezi kutia dawa ghuba, na kumtibu chaza mmoja mmoja hakumzuii kuambukizwa wiki ijayo. Chanjo nayo haifai, kwa sababu chaza hana kinga ya kukumbuka kama yetu. Wafugaji wa kibiashara wamepata njia yao: hupanda chaza wenye seti tatu za kromosomu, ambao hawazai, hivyo hukua haraka na kuuzwa wakiwa na miezi 18 hadi 24, kabla Dermo haijawafikisha pabaya. Njia hiyo haiwezi kumwokoa chaza wa mwitu, kwa kuwa asiyezaa hajengi kizazi.

Tumaini la chaza wa mwitu liko katika ukinzani wa asili, na si ndoto. Chuo Kikuu cha Rutgers, chini ya Harold Haskin, kilianza kuchagua na kuzalisha waliosalimika MSX tangu miaka ya 1960, na mbegu zile zilistahimili kuliko za kawaida. Baadaye ghuba yenyewe ikafanya kazi hiyo. Vifo vikubwa vya katikati ya miaka ya 1980 vilipita hadi vitalu vya juu vya Delaware, vikawaondoa wanyonge waliokuwa wamejificha kwenye maji ya chumvi kidogo. Tangu hapo MSX imebaki ya kiwango cha chini kwa chaza wa mwitu wa ghuba ile, ingawa chaza wa nje wasio na ukinzani wakiletwa pale hushambuliwa vikali. Maana yake kimelea bado kipo. Sehemu ya chini ya Chesapeake nayo imeonyesha mwelekeo huo.

Kwa Dermo safari ni ndefu zaidi. MSX humuua mnyonge mapema, mara nyingi kabla hajazaa vya kutosha, hivyo mchujo ni mkali. Dermo humwacha azae joto moja au mawili ndipo imuue. Mnyonge ameshaacha watoto. Mchujo upo, ila ni dhaifu, na faida yake hutegemea kabisa wale wachache wanaopita mwaka wa nne, wa tano, wa sita katika maji yenye ugonjwa.

Hapo ndipo penye jibu la wavuvi. Hoja ya “wavunwe kabla hawajafa” ina mantiki yake kwa mfukoni: chaza wa Maryland hufikia kimo halali cha milimita 76 akiwa na miaka mitatu hivi, umri uleule Dermo inapomchukua, na mvuvi anaona fedha ikioza. Simlaumu. Lakini kwa mwamba wa mwitu ulio kwenye maji yenye ugonjwa hoja hiyo ni mbaya. Dreja halimjui atakayekufa na atakayepona. Huwachukua wote, pamoja na yule ambaye angeishi miaka minane na kuwazalisha wenzake wenye ukinzani. Huchukua na makombe. Kama kuna mahali pa kuvuna kwa uhuru zaidi, ni kwenye vitalu vya maji ya chumvi kidogo ambako ugonjwa hauchuji, mradi makombe yarudishwe. Mahali pa kutogusa ni kulekule ambako vifo ni vingi. Najua hilo linasikika kinyume.

Virginia ilitoa mfano mzuri katika mto Great Wicomico. Mwaka 2004 yalimwagwa makombe kujenga miamba iliyofungwa isivunwe. Baadhi ilijengwa kwa kimo cha sentimita 25 hadi 45, mingine sentimita 8 hadi 12 tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha zaidi ya chaza milioni 180, na miamba mirefu ilikuwa na msongamano wa karibu mara nne ya ile mifupi, katika maji yenye Dermo na MSX. Kimo huwatoa chaza matopeni, huwapa maji yanayopita vizuri, na makombe hujilimbikiza haraka kuliko tope. Ugonjwa haukuondoka pale. Mwamba uliuzidi mwendo.

Sasa kazi yenu. Anzeni kwa kuhesabu vifo ipasavyo, mwishoni mwa Septemba au Oktoba, vifo vya mwaka vikiwa vimeshatokea na bawaba hazijaoza. Chukueni kila kilichokwaruliwa bila kuchagua. Tengeni wazima, makombe mawili yaliyoshikana ambayo ndani bado ni safi na yanang'aa, na makombe yaliyoshikana ambayo ndani yameota mwani au minyoo. Safi ni vifo vya wiki moja au mbili. Yaliyoota ni ya zamani zaidi. Kila kundi ligaweni: chini ya milimita 76 na 76 kwenda juu. Asilimia ya vifo ni makombe yaliyoshikana gawanya kwa jumla ya wazima na makombe hayo: wazima 64 na makombe 36 ni asilimia 36. Msijumlishe wakubwa na wadogo katika namba moja, kwani hapo ndipo ushahidi wa Dermo unapopotea. Na mjue kuwa bawaba za wachanga huachana mapema, kwa hiyo vifo vyao daima vinaonekana vichache kuliko vilivyo.

Pimeni chumvi na joto la maji chini, pale chaza walipo, angalau mara mbili kwa mwezi kuanzia Mei hadi Oktoba. Maji ya juu huwa mepesi na yenye chumvi kidogo, yatawadanganya. Kipimo cha mkononi cha kutazamia mwanga kinatosha mkikisawazisha kwa maji safi kila mara.

Kumtazama chaza kwa macho hakuthibitishi ugonjwa. Nyama kukonda na kupauka kunaweza kutokana na kuzaa au njaa. Dermo hupimwa kwa njia aliyoibuni mtafiti Sammy Ray mwaka 1952, na ambayo bado hutumika: kipande cha utumbo wa nyuma na cha ngozi laini inayopakana na kombe, au matamvua, hulowekwa katika mchuzi wa maabara wa thayoglikoleti wenye chumvi na viuavijasumu, huwekwa gizani siku 5 hadi 7 katika joto la takriban nyuzi 25 hadi 27, kisha hutonwa iodini ya Lugol. Seli za kimelea, zikiwa zimevimba mara nyingi ya ukubwa wake, huonekana kwa hadubini kama mipira ya buluu-nyeusi, na hupewa alama 0 hadi 5. Alama hiyo ndiyo ya kuulizia. Mwamba ambao asilimia 90 wanacho kwa alama 1 una hali njema kuliko wenye asilimia 50 kwa alama 4. MSX haionekani kwa njia hiyo. Huhitaji kukata nyama vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini, au kipimo cha vinasaba. Mkiombwa sampuli, toeni chaza 30 kutoka mwamba mmoja. Idadi hiyo hugundua ugonjwa uliofika asilimia 10 ya chaza, kwa uhakika wa asilimia 95. Mkitaka kugundua wa asilimia 5 mtahitaji 60. Wapelekeni wakiwa hai, wamefungwa kwa gazeti lenye unyevu ndani ya sanduku lenye barafu iliyotengwa nao, wala msiwazamishe kwenye maji baridi ya kunywa.

Vizimba vyenu vina jambo la kuangaliwa. Chaza wa kituo cha kuzalishia huja bila kimelea, lakini wakining'inia gatini joto zima kwenye maji yenye chumvi wanaambukizwa kama wa mwitu. Wamwageni ndani ya mwaka mmoja, na katika mto uleule waliokulia. Usikubali kupeleka chaza wa mwezi wa Septemba kutoka gati la maji ya chumvi nyingi kwenda mwamba wa juu ulio na ugonjwa mdogo. Huko ni kupeleka mbegu ya maradhi. Wale wa miaka miwili au mitatu waliosahaulika kizimbani ndio hatari zaidi, na wakifia humo humwaga kimelea mahali penye chaza waliosongamana. Ondoeni mizoga mara mnapoiona, na msiitupe majini. Makombe ya mgahawani yakae nchi kavu juani kabla ya kumwagwa: utafiti umeonyesha kuwa mwezi mmoja hupunguza sana Dermo iliyo kwenye mabaki ya nyama, na miradi mingi hungoja miezi sita au zaidi. Lundo kubwa ligeuzwe, maana katikati yake hukaa majimaji.

Kuhusu Pwani ya kwetu. Chaza wa miamba ambao akina mama hubandua bamvua maji yanapotoka ni wa jenasi ya Saccostrea, wala si Crassostrea virginica, na milipuko ya vimelea hivi viwili niliyoieleza ni ya mashariki na kusini ya Amerika Kaskazini. Hata hivyo usilale. Ndugu wa chaza hao huko Australia, Saccostrea glomerata, aliangamia katika mto Georges kuanzia mwaka 1994, na Hawkesbury mwaka 2004, kwa kimelea Marteilia sydneyi ambacho hupitia kwa mnyoo wa matopeni kabla ya kumfikia chaza. Ufaransa ilipata kimelea kingine cha chaza, Bonamia ostreae, mwaka 1979, ikitokea California na chaza walioagizwa. Maryland na Virginia zenyewe zilitaka kuleta chaza wa Asia, Crassostrea ariakensis, wakitumaini kuwa atavumilia Dermo na MSX. Katika majaribio ya North Carolina akauawa na Bonamia, na mwaka 2009 mpango ukaachwa. Kwa hiyo atakayekuja Pwani na mradi wa kupanda chaza wa kigeni kwa sababu hukua haraka, aulizwe kwanza cheti cha afya ya kundi, historia ya ugonjwa mahali walipotoka, na kwa nini hatumii mbegu za chaza wetu wenyewe.

Mwisho, kwa kuwa najua jamaa watakuuliza: Dermo na MSX havimdhuru binadamu, na chaza mwenye navyo hupungua ladha tu kwa sababu amekonda. Kinachoua watu ni bakteria Vibrio vulnificus, ambaye hupenda maji yaleyale ya joto Dermo inayoyapenda. Mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu asile chaza mbichi kabisa, na mwenye jeraha wazi avae glavu anapowashika miezi ya Juni hadi Oktoba.